Methadoni, soba hausi na watu wa mtaani: nyota 4

Kama una ndugu anakula unga (heroini) hapa Dar na umeshachoka, soma hii kabla hujalipa hela popote. Sisi kwa dogo tulianza na soba hausi, unalipa kwa mwezi, anakaa ndani wanafuata zile hatua 12 za kuacha ulevi, dawa hakuna, arosto (yale maumivu ya kukosa unga) anapambana nayo kavukavu. Nidhamu ipo, chakula kipo, sikatai, ila alivyotoka akarudi mtaa uleule kwa washkaji walewale na hela yetu ikazama.

Kilichotusaidia ni waelimishaji rika, wengi wao walikuwa mateja zamani, wanapita maskani wanamjua kila mtu kwa jina lake la kijiweni, mmoja akakaa na dogo mpaka akakubali wakaenda wote kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya unga. Hii huduma ya serikali ilianza Muhimbili 2011 ikaja Mwananyamala na Temeke, sasa ipo hadi mikoani, na dawa ni bure. Unafika dirishani unakunywa mbele ya nesi halafu anakuongelesha kidogo ahakikishe umemeza (wajanja wanaficha mdomoni wakauze), basi arosto tupa kule mpaka kesho. VVU na TB wanakupima hapohapo.

Sasa kero. Kwa dogo ni kila siku, Jumapili na sikukuu zote, na nauli juu yako, mtu hana kazi ataitoa wapi?? Ndo wengi wanapoanza kuruka dozi. Halafu kuna soba hausi hazitaki kabisa mtu wa methadoni eti bado anatumia, yaani watu wanaotibu ugonjwa mmoja hawaongei! Nyota moja naikata hapo.

Kwetu nauli iliokolewa na jirani fundi wa kuchomelea mageti, dogo akitoka kliniki anashinda kwake anapiga msasa analipwa chochote, na mjumbe aliongea na ulinzi shirikishi wasimbebe hovyo wakimkuta njiani alfajiri. Bila hao kliniki peke yake isingetosha, na wao bila dawa wasingemuweza.

Ukimpeleka wako msindikize wiki za mwanzo, dozi inaanza ndogo inapandishwa taratibu kwa hiyo arosto bado itamgusa, na akisema aongezee unga au pombe juu yake anaweza kuzima mazima.