Hedifoni nzima, simfoni ndiyo iliyonitia aibu

Nianze na yule kijana wa fremu ya vifaa vya simu karibu na Soko la Majengo, maana bado nina hasira naye.

Nilinunua kwake hedifoni za waya, elfu kumi na tano. Wiki hiyohiyo rafiki yangu mwanakwaya akanitumia simfoni, yaani muziki mrefu wa okestra, ya 45 ya Haydn, mtunzi wa zamani wa Austria: "Sikiliza mpaka mwisho, usiruke." Mimi ni mtu wa dansi. Simfoni nilizijua za kwenye matangazo tu.

Nikajilaza chumbani kwangu Nkuhungu, upepo unapigapiga bati. Mwanzo wake ugomvi mtupu, fidla zinashuka kama mtu anayeteremka ngazi kwa hasira. Sehemu ya pili nilisinzia, sisemi uongo. Ya mwisho inaanza kwa mbio, inakatika ghafla, halafu linaingia jambo la taratibu, tamu kweli. Hapo ndipo balaa.

Zumari likapotea. Baragumu nalo. Nikabinya waya. Ile fidla kubwa ya besi ikajitutumua peke yake kidogo, ikanyamaza. Nikachomoa pini, nikaipuliza, nikachomeka tena. Kila nikipuliza, kinapungua kingine! Zikabaki fidla mbili zinanong'ona, kama zeze la Kigogo linalopigwa nyumba ya tatu. Kisha kimya.

Kesho yake nikamfuata kijana. Macho hakuyanyanyua.

"Mzee, umezilalia hizo."

Mzee! Akazichomeka kwenye simu yake, singeli ikalia mpaka nje. "Basi wimbo wako ndo mbovu." Wateja wakaangua kicheko, nami nimevaa tai ya kazini.

Nikampigia rafiki yangu, naye akacheka kuwashinda. Kumbe ilitungwa hivyo! Mwaka 1772 Nikolaus Esterházy, bwana mkubwa aliyemwajiri Haydn na wanamuziki wake, aliwakalisha kwenye kasri lake la shamba kupita kawaida, na wake zao wamebaki mji wa Eisenstadt. Haydn badala ya kuandika barua ya malalamiko akatunga hii. Inasimuliwa kuwa kila aliyemaliza kipande chake alizima mshumaa wake akatoka, mpaka akabaki Haydn na mpiga fidla mmoja. Bwana mkubwa akaelewa. Kesho yake safari ya kurudi.

Mimi ofisi ilinihamishia Dodoma, mke na watoto wako Mbagala, Dar es Salaam. Usiku ule nikairudia sehemu ya mwisho kwa hedifoni zilezile, na kila chombo kilipoondoka nilikuwa nakisindikiza. Nimeshairudia sijui mara ngapi. Nilitaka kuandika kwamba ni muziki wa kuwalaza watoto; nafuta. Ila sehemu ya pili bado ndefu.

Na hedifoni, basi, ni nzima. Kijana alisema kweli. Lakini adabu hana, sirudi kwake.

Juzi nikamtumia bosi wangu ile simfoni, pamoja na kisa chake chote. Kanijibu dole gumba.