Kwenda kuona korongo la kale la Isimila na kuwaona wazee Iringa: basi au gari lako?

Likizo ya Desemba ikikaribia, familia zenye wazee Iringa hurudia swali lile lile. Kwa gharama, msafiri mmoja au wawili hawana sababu ya kuwasha gari, kwani nauli ya basi kutoka Dar es Salaam, mwendo wa takribani kilomita 500, ni nafuu kuliko mafuta. Wakiwa watano, hesabu hugeuka.

Kwa usalama napendelea basi, hasa kwenye mlima Kitonga, ambako malori yaliyosheheni hupanda kwa mwendo wa kinyonga na dereva mgeni hushawishika kuyapita kwenye kona. Gari binafsi, tena, hudai breki na tairi zikaguliwe kabla ya safari.

Hata hivyo, basi halisimami unapotaka. Mwenye gari atanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni kwa ajili ya mama mkwe (zawadi isiyokataliwa), kisha atafika Isimila, yapata kilomita 20 kutoka mjini kwenye barabara ya Mbeya, asubuhi mapema, wakati jua la upande linaonyesha kila mkunjo wa nguzo ambazo maji yamezichonga korongoni, si mbali na zana za mawe za watu wa kale. Aliyekuja kwa basi atakodi bajaji, na apatane mapema nauli ya kwenda, kusubiri na kurudi.

Mwenye watoto wadogo na mizigo mingi atafaidi gari. Anayekwenda peke yake kwa siku tatu, basi linamtosha.