Gauni la infiniti kwa mpambe mjamzito: tathmini baada ya kulivaa harusini

Mwanamke aliyeombwa kuwa mpambe wa bibi harusi akiwa mjamzito hukabiliwa na jambo lisilowahusu wapambe wenzake, nalo ni kwamba vipimo anavyochukuliwa leo havitakuwa vipimo vyake siku ya harusi. Mara nyingi rangi na kitambaa cha sare huamuliwa miezi kadhaa kabla, fundi akapima mara moja, kisha watu wakasubiri kuvaa. Katika muda huo tumbo la mama kijacho haliachi kukua. Kliniki mkunga huupima urefu wake kwa futi ya kamba kutoka kwenye mfupa wa kinena hadi juu ya mji wa mimba, na kuanzia karibu wiki ya 24 idadi ya sentimita hukaribiana na idadi ya wiki za ujauzito. Ukipimwa nguo katika wiki ya 24 na harusi ikawa katika wiki ya 32, tumbo litakuwa limepanda kwa takriban sentimita nane, tena kifua nacho kitakuwa kimejaa na mbavu zimetanuka.

Gauni ninalolitathmini hapa ni lile linalojulikana kwa wengi kama infiniti. Nililivaa katika harusi ya mdogo wangu jijini Dar es Salaam, mimba ikiwa imeingia mwezi wa nane, na nilipata nafasi ya kulinganisha la kununua dukani na la kushonesha kwa fundi. Umbo lake ni rahisi kulieleza: sketi ya duara kamili imeungwa kwenye ukanda unaovutika, na kutoka mbele ya ukanda huo hupanda mikanda miwili ya kitambaa hicho hicho, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita mbili au zaidi, ambayo mvaaji huipitisha juu ya kifua, akaivusha mabegani na kuizungusha mwilini kwa namna aitakayo. Halina zipu wala vifungo. Kwa sababu hiyo kifua kikiongezeka, mvaaji hutandaza mikanda kidogo tu na nguo inamkaa, ilhali gauni la satini lenye zipu mgongoni huhitaji kufumuliwa na kushonwa upya, kama bado kuna kitambaa cha akiba ndani ya mishono.

La dukani sikulipenda, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu, maana ndiyo itakayomsaidia anayetaka kununua. Magauni hayo yameshonwa kwa ajili ya mwanamke mwenye kiuno, na ukanda wake umekusudiwa kukaa kiunoni. Mjamzito akilivaa hivyo, ukanda unakaa katikati ya tumbo, unalibana kila anapoketi, kisha unaanza kujikunja na kuteremka. Akiupandisha ukanda hadi chini ya kifua ili apumzike, sketi yote inapanda pamoja nao, na upande wa mbele, ambao tayari unavutwa juu na tumbo, unaning'inia juu ya vifundo vya miguu wakati nyuma bado kunaburuta. Muuzaji alinishauri nichukue saizi kubwa zaidi. Ushauri huo haukusaidia, kwa kuwa saizi kubwa iliongeza upana mahali pote, hata mabegani na mgongoni, ambako ujauzito hauongezi sana, na haikuongeza urefu pale mbele ulipohitajika.

Kwa fundi hali ilikuwa tofauti kabisa. Nilimpelekea kitambaa, na kabla hata sijavua mtandio akaniambia, "Mama kijacho, kiuno tukiache, tupime chini ya kifua." Huo ndio msingi wa kazi nzima. Tundu la duara katikati ya sketi hukatwa kwa kugawanya mzunguko wa mwili kwa 6.28 ili kupata umbali kutoka katikati hadi ukingo wa tundu; chini ya kifua kukiwa na sentimita 90, mkato wa fundi unaanzia sentimita 14.3 hivi kutoka katikati. Kisha tundu hilo halikuwekwa katikati kabisa ya kitambaa. Alilisogeza kuelekea nyuma kwa sentimita nne, na hivyo mbele kukawa na urefu zaidi wa kupita juu ya tumbo na nyuma kukapungua kwa kiasi hicho hicho, bila mshono wa ziada na bila mtu yeyote kuona kwamba gauni langu limekatwa tofauti na yale ya wenzangu. Nilipovaa, pindo lilikuwa sawasawa pande zote. Naona ujuzi huo mdogo una thamani kuliko nakshi zote zinazoweza kuwekwa juu ya nguo.

Pindo lenyewe lisishonwe siku hiyo hiyo. Kitambaa kinachovutika kikikatwa kwa duara hurefuka pale uzi ulipokaa mshazari, kwa hiyo gauni linapaswa kutundikwa usiku kucha, kisha ndipo pindo likatwe upya na kushonwa. Fundi mwenye haraka huiruka hatua hii, na matokeo yake sketi huwa na ncha zinazoning'inia kila upande baada ya kuvaliwa mara moja.

Kuhusu kitambaa, nasisitiza kisiwe poliesta tupu. Harusi nyingi za Dar es Salaam hufanyika Desemba, kaskazi likivuma na joto likiwa kali, na mjamzito huhisi joto kuliko mwingine yeyote ukumbini. Viskosi, kitambaa laini cha nyuzi zitokanazo na miti, iliyochanganywa na spandeksi (uzi unaovutika) kidogo hunyonya jasho, hulala vizuri juu ya tumbo na haing'ai kupita kiasi kwenye picha. Vitambaa vya wapambe wote vikatwe kutoka jora moja, kwa sababu majora mawili ya rangi ileile hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo hujitokeza wazi watu wanaposimama pamoja mbele ya kamera. Gauni la mjamzito hula kitambaa zaidi kwa sababu sketi yake huanzia juu zaidi, chini ya kifua, na ni vema jambo hilo lisemwe mapema ili kamati iliweke kwenye bajeti.

Siku yenyewe gauni lilifanya kazi yake vizuri. Kanisani nilitandaza mikanda ifunike mabega na sehemu ya juu ya mikono, na jioni ukumbini nikaifunga kwa namna nyingine iliyoacha shingo huru. Kwa kuwa kila mpambe alifunga apendavyo, hakuna aliyeonekana kuwa ameshonewa nguo ya peke yake, na jambo hilo lilinifurahisha sana, kwani mjamzito hutamani kuwa sehemu ya safu na wenzake. Kwenda msalani, ambako mjamzito huenda mara nyingi, hakukuhitaji msaidizi.

Kasoro zake zipo. Mikanda hulegea wakati wa kucheza, hasa pale wapambe wanapoingia ukumbini kwa hatua walizozifanyia mazoezi, na mimi nililazimika kuikaza tena baada ya kuingia. Pini mbili za ndani mgongoni zingetosha kuzuia hilo. Sidiria ya kawaida huonekana, na kwa kifua kilichojaa ile isiyo na mikanda haitoshi kubeba uzito, kwa hiyo ni bora fundi ashone kipande cha ndani chenye bitana na lastiki pana. Fundo la mikanda likiwa katikati ya mgongo huumiza unapoegemea kiti, basi lifungwe pembeni. Zaidi ya yote, mikanda isizungushwe tumboni kama inavyoonyeshwa kwenye video nyingi. Inatosha kuizungusha chini ya kifua na kumalizia hapo.

Ikiwa bibi harusi ameshaamua satini na hataki kubadili, infiniti haitafaa, kwa kuwa satini ya kawaida haivutiki. Hapo ningemwomba fundi ashone mkato wa juu chini ya kifua, aache zipu na badala yake aweke vitanzi na kamba mgongoni pamoja na kipande cha kuziba ndani, na aache akiba ya angalau sentimita tatu katika kila mshono wa pembeni. Kujaribu kwa mwisho kufanyike katika wiki ya harusi, ukiwa umevaa viatu utakavyovaa siku hiyo, na viwe vifupi, kwa maana miguu huvimba kufikia jioni na urefu wa pindo hutegemea kisigino.