Gari la misuli la Kimarekani la kukaa nalo miaka 20: lipi la kununua kwanza

Gari la misuli la Kimarekani, yaani gari la kati au dogo lenye injini kubwa ya V8 (silinda nane), lililotengenezwa kuanzia 1964 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, huuzwa kwa mngurumo wake. Mnunuzi hufungua boneti kwanza. Aanzie chini ya zulia. Vipuri vya V8 vimejaa madukani kote Marekani na injini nzima huweza kubadilishwa. Bodi iliyoliwa na kutu hula pesa miaka na miaka. Ndiyo maana hapa kasi haikuhesabiwa. Tumetazama bodi inatengenezeka vipi, udanganyifu unagundulika vipi, na vipuri vitaendelea kupatikana au la.

1. Ford Mustang 1965–1966, V8 ya 289

Namba kama 289 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo. Kuna wanaokataa kuiita Mustang gari la misuli. Sawa, lakini hakuna nyingine iliyo rahisi kuitunza: karibu kila bati lake linatengenezwa upya, na hata bodi nzima mpya inauzwa.

Ugonjwa wake mkubwa uko mahali pasipoonekana. Chini ya kioo cha mbele kuna tundu za kuingiza hewa. Majani hujaa humo, maji hutuama, bati hutoboka. Mwaga lita mbili tatu za maji kwenye tundu hizo, kisha ingiza kichwa chini ya dashibodi na tochi. Maji yakidondokea sakafuni, punguza bei sana au ondoka, kwani kufika hapo fundi wa bodi lazima atoboe alama nyingi za kulehemu.

Hakikisha pia ilizaliwa na V8. Herufi ya tano ya namba ya chasisi ndiyo injini: C ni 289 ya nguvu farasi 200, A ni 225, K ni 271, na T ni silinda sita. Rimu zenye nati nne badala ya tano ni dalili ya gari la silinda sita, na breki na ekseli zake ni dhaifu zaidi. Chukua C. K ni ya wakusanyaji, na utaogopa kuibadilisha chochote.

2. Plymouth Duster na Dodge Dart, 1970–1973

Hili ndilo chaguo la mwenye mfuko mdogo. Injini ya 318 haina haraka ya kufa. Ya 340 ina kasi zaidi na bei zaidi. Vipuri vya bodi ni vichache kuliko vya Mustang, kwa hiyo tafuta lililo zima tangu mwanzo.

Springi zake za mbele ni vyuma virefu vinavyojipinda, na nyuma vimeshikwa kwenye boriti iliyo chini ya sakafu ya mbele. Igonge kwa bisibisi. Boriti hiyo ikioza, chuma kinaweza kung'oka na gari likalala upande mmoja.

Gari likiwaka unapopiga stata kisha likazima mara tu unapoachia ufunguo, usikimbilie kabureta. Ni rezista ya kauri iliyofungwa kwenye ukuta unaotenga injini na abiria. Ni ya bei ndogo. Weka ya akiba ndani ya gari. Kagua pia soketi kubwa ya waya ukutani hapo: umeme wote wa kuchaji hupitia humo kwenda kwenye ameta (kipimo cha umeme cha dashibodi), na ikiyeyuka huleta moto.

3. Chevrolet Chevelle 1968–1972

Ina fremu kamili, nafasi ya familia, na kuanzia 1969 injini ya 350 ambayo vipuri vyake ni rahisi kuliko vyote. Kutu hukaa pembe za chini za kioo cha nyuma, kisha maji hushuka kwenye buti.

Tahadhari na SS (Super Sport), toleo la kasi la Chevelle. Mwaka 1968 namba ya chasisi inayoanza na 138 huthibitisha SS 396. Kuanzia 1969 hadi 1971 namba haisemi lolote, hivyo Malibu, Chevelle ya kawaida, huvishwa nembo na kuuzwa ghali. Bila karatasi ya kiwandani, ambayo wakati mwingine hupatikana juu ya tangi la mafuta, lipa bei ya Malibu. Malibu safi ni gari zuri kabisa.

4. Camaro 1967–1969, na Pontiac GTO

Ni nzuri, ila bei imepanda mno kwa mtu anayetaka kukata na kuchomelea.

Kabla ya kulipa

Pitisha sumaku kwenye mabati. Isiposhika, kuna puti nene. Magari ya Ohio na Michigan yamekula chumvi ya barabarani. Ya Arizona yana bati kavu, ila mipira na dashibodi vimeungua kwa jua. Zungusha krenki kwa spana huku na huku ukitazama rota ya distribyuta: ikichelewa zaidi ya nyuzi 10 hivi, cheni inayozungusha kemshafti imelegea. Gia yake ya juu mara nyingi ilikuwa na meno ya nailoni, na vipande vyake huziba chujio la pampu ya oili.

Mpangilio wa kuboresha

Breki kwanza. Mustang ya 1965–1966 ina masta silinda ya chumba kimoja: bomba moja likipasuka, unakosa breki zote. Weka ya vyumba viwili na diski za mbele. Halafu mipira ya mafuta inayostahimili ethanoli, kisha rejeta. Oili iwe yenye zinki ya kutosha, la sivyo kemshafti huliwa.

Gia boksi ya T5 yenye gia tano ifuate. Kwa difu yenye uwiano wa 3.55 na tairi za inchi 26, maili 70 kwa saa huhitaji mizunguko ya injini kama 3,200 kwa dakika. Gia ya tano yenye uwiano wa 0.68 huishusha hadi 2,200 hivi. Nguvu ya injini iongezwe mwisho, na kila kipuri cha awali unachofungua kiandike jina na ukihifadhi, maana mnunuzi wa baadaye atakiulizia.