Karakana ya wilchea Kariobangi Light Industries: nyota nne, na sababu zangu

Kama unatumia wilchea hapa Nairobi ama unamtunza mtu anayetumia, hii imekuhusu. Kuna karakana moja pale Kariobangi Light Industries inatengeneza na kurekebisha viti vya magurudumu, nimekuwa mteja wao kitambo na nawapa nyota nne kati ya tano. Bango hawana, ukifika uliza tu mafundi wa wilchea, mtu yeyote anayeuza vyuma hapo atakuelekeza.

Wacha kwanza nieleze kwa nini mtu atoke Kayole mpaka huko na kiti kinachosukumwa kwa mikono. Viti vingi tunavyopata ni vya hafla. Unaitwa uwanjani, kuna hema, kuna spika, viti vimepangwa vyote saizi moja, unakalishwa, unapigwa picha na mheshimiwa, unaenda nyumbani. Na ni vile viti vya hospitali, gurudumu la mbele dogo tena gumu, la kuteleza kwa korido yenye sakafu laini, sasa ukipeleka hicho kwa barabara zetu za mtaani wakati wa mvua hakimalizi miezi kabla beringi zikwame na fremu ipasuke pale kwa kona. Changu cha kwanza kilikuwa kipana sana kwangu, nikawa naegemea upande mmoja siku nzima, mgongo ukaanza kupinda, halafu kikaja kidonda pale kwa mfupa wa kukalia. Kidonda kikanilaza mpaka kibarua kikaenda. Kwa mtu asiye na hisia kuanzia kiunoni hivi vidonda ni hatari mbaya sana juu hausikii kikianza, unakuja kujua kimeshaingia ndani, na kuna watu tumewazika kwa sababu hiyo hiyo na kiti kipya kiko hapo kando ya kitanda.

Kwa hii karakana kitu cha kwanza ni kupimwa. Kabla ya bei, kabla ya rangi. Unahamishwa kwa benchi la mbao lililo sawa, wanapima upana wa nyonga, urefu wa paja kutoka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti halafu wanapunguza kidogo ndio kitambaa kisikukate hapo nyuma ya goti, wanapima mguu wa chini, wanapima mgongo mpaka kwa bega. Kuna dada anayefanya kazi hapo, yeye ndiye hupima wanawake, nyuma ya pazia, na anakuomba ruhusa kabla hajakugusa. Ukishakaa kwa mto anaingiza vidole chini yako mpaka kwa ule mfupa, anajaribu kuvicheza juu na chini. Mara ya kwanza kwangu vilikwama kabisa. Akaita fundi mkubwa, mzee mmoja anayetembea na magongo, akaubonyeza ule mto akasema, "Mama, hii sponji ilikufa zamani. Hapa umekalia ubao." Akaichana mbele yangu nikaona katikati imekuwa nyembamba kama chapati.

Wakanitengenezea mto wa tabaka mbili, chini sponji ngumu iliyochongwa shimo la makalio, juu laini, na kifuniko chenye zipu unavua unafua. Yule dada akanikalisha tena akaingiza vidole, vikacheza vizuri, ndio akaniruhusu nilipe. Alafu akanifundisha kujiinua kwa mikono ama kuinama mbele kila baada ya dakika 15 hadi 30 ndio damu ipite. Hospitalini nilikuwa nimekaa sana na hakuna aliyewahi kunionyesha hiyo.

Nilikuja kujua baadaye kwamba haya yote si maarifa ya siri. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka wa 2008 wa viti vya magurudumu kwa nchi zisizo na uwezo mkubwa, wenye hatua 8, kuanzia kumpokea mtu na kumpima mpaka kumfundisha kukitumia na kukifuatilia kiti kikishaanza kuchoka. Ukiangalia zile hafla za uwanjani utaona wanaruka karibu hatua zote wanabaki na kukabidhi tu. Inaniuma sana hii, juu pesa imetumika, mtu ametoka na tabasamu, na ameumizwa.

Turudi kwa kazi yao. Magurudumu ya nyuma wanaweka saizi ya baiskeli ya kawaida, hii ndio kitu nimependa zaidi ya vyote, ukipata pancha Kayole ama Dandora unaenda kwa fundi wa baiskeli yeyote, tyubu na spoku ziko, hauna haja ya kungoja spea itoke ng'ambo. Ya mbele wanaweka pana, inapita juu ya changarawe bila kuzama. Wanatengeneza pia ile ya magurudumu matatu, moja la mbele liko mbali kidogo ndio kiti kisipinduke kwa mashimo. Kwa mtu anayekaa mashambani ama mtaa wenye njia mbaya sana hiyo ni nzuri mno, lakini kwangu ilikataa juu haikunjiki na mlango wa choo cha ploti yetu ni mwembamba, fundi mwenyewe akanishauri nibaki na ya kukunja. Alikuwa angeuza ile ghali anyamaze. Hakufanya hivyo.

Bei sasa. Kubadilisha beringi na kukaza spoku ni mia kadhaa tu, kuchomelea fremu inategemea, mto ulinitoka elfu nne na kitu. Si bei mbaya kwa kazi yenyewe lakini niambieni nani analipa. Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya kusaidia familia, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa familia inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa, na hiyo hiyo ndio unga, ndio daipa, ndio nauli ya kliniki, kwa hivyo mto mmoja umekula miezi miwili mizima. Msamaha wa kodi upo, ile 150,000 ya kwanza ya mshahara wa mwezi haikatwi kodi ukiwa na cheti cha msamaha, na ninafurahi kwa wanaoupata, lakini mama anayeuza mboga akiwa kwa wilchea hana payslip, huo msamaha haumgusi popote. Na Katiba ya 2010 Kifungu cha 54 imesema wazi mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Mimi naisoma hivi: mto ni kifaa. Beringi ni kifaa. Kiti kilichokufa gurudumu ni mtu amefungiwa nyumbani, kwa hivyo wafadhili na kanisa na kaunti wanaonunua viti mia wanunue sitini tu na hizo pesa zingine ziende kwa marekebisho kwa karakana kama hii.

Kufika huko ndio kazi. Karakana iko karibu na Outering Road kwa hivyo gari ziko nyingi, shida ni kubebwa. Makanga anakuona anaangalia kando, ama anakuambia kiti chako kitalipa nauli ya abiria, na jioni hata ukikubali kulipa wanakuacha. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 iliwataka wenye magari ya abiria wayarekebishe na ikawapa miaka miwili, leo tuko na sheria nyingine mpya ya 2025 na mimi bado napandishwa kwa matatu nikibebwa mgongoni na kijana nisiyemjua. Nendeni saa nne ama saa tano asubuhi wakati gari hazijajaa, mketi na mtu wa kuwasaidia, kiti kikunjwe kiwekwe nyuma.

Nyota ya tano imeenda na mambo mawili. Choo chao kina ngazi mbili mlangoni, na hii ni karakana ya watu wa wilchea. Niliwaambia, wakasema ploti ni ya kukodi na mwenyewe hataki ijengwe upya, lakini hawa ni watu wanaochomelea vyuma kutoka asubuhi mpaka jioni, rampu ya chuma ya kuweka na kuondoa ni kazi ya nusu siku kwao. Ya pili ni ahadi. Ukiambiwa Alhamisi piga simu kwanza, mara nyingi inaingia wiki ingine, na kwa mtu mwenye kiti kimoja hiyo wiki nzima ni ya kulala kitandani. Ulizeni kama wana cha kuazimwa, huwa nacho kimoja ama viwili pale nyuma lakini hawakwambii usipouliza.

Kwa wazazi wenye watoto wa CP, yaani mtindio wa ubongo, wanatengeneza pia viti vya watoto vyenye mkanda wa kifua, kishikio cha kichwa na meza ya mbele ya kulia chakula, na wanaviacha na nafasi ya kuongeza mtoto akikua. Mwende na mtoto mwenyewe, msitume vipimo kwa WhatsApp, watavikataa. Bebeni na kile kiti cha zamani hata kama kimevunjika, kuna vitu wanatoa hapo wanakupunguzia bei. Jumamosi wanafunga mapema, na Jumatatu foleni ni ndefu.