Tulilipia kuiona Ayasofya, tukapelekwa duka la mazulia

Neno pekee nililolitambua lilikuwa chai, ndiyo maana nikatabasamu. Tulikuwa ghorofa ya pili ya duka la mazulia, mitaa michache kutoka uwanja wa Sultanahmet mjini Istanbul, na mwongoza watalii wetu alikuwa akizungumza na kijana wa dukani huku wakitutazama mimi na rafiki yangu. Nikasikia "çay", ambayo Waturuki huitamka chai vilevile kama sisi, nikajua tunakaribishwa. Nikamgeukia mwenzangu nimwambie kwamba hapa angalau wametukirimu. Uso wake ulikuwa umebadilika.

Alichosema yule bwana ni hiki: "Bunlara çay söyleme, bunlarda para yok." Hawa usiwaagizie chai, hawa hawana pesa.

Bei ya ziara, saa zake na vituo vyake sitaviandika, mtavikuta kwenye tovuti za kampuni zote zinazouza ziara za nusu siku pale mjini. Kampuni yenyewe siitaji. Naandika kwa sababu ya sentensi ile, na kwa sababu ya Ijumaa.

Rafiki yangu yuko Uturuki mwaka wa tatu sasa, kwa ufadhili wa serikali ya kule. Mwaka mzima wa kwanza alijifunza lugha tu kabla hajagusa somo lililompeleka. Anaishi bwenini, upande wa Asia, na bweni lao haliruhusu mgeni kulala, kwa hiyo mimi nilipanga chumba Kadıköy na yeye akawa ananifuata kila asubuhi. Ilikuwa kama Aprili hivi, tulipu zimechanua bustani ya Gülhane. Kabla sijafika alikuwa ameshanunua tiketi mbili za ziara ya kuongozwa. Alizinunua kwa akiba ya posho yake ya mwanafunzi. Nilipomuuliza kwa nini ajitese hivyo, akaniambia kwamba miaka yote hiyo hajawahi kupanda roshani ya juu ya Ayasofya, lile jengo la kale ambalo wengine huliita Hagia Sophia. Tangu Januari 2024 mgeni anayekwenda kutalii hulipa euro 25 kupanda kule, na kwa mwanafunzi hizo ni pesa nyingi. Alikuwa akinisubiri mimi ndiyo apande.

Tafadhali likumbukeni hilo mnaposoma yanayofuata.

Tiketi ziliandikwa Ijumaa, saa sita na nusu mchana. Sasa nijibuni: kampuni inayofanya kazi Istanbul kila siku, inayojua kwamba Ayasofya ni msikiti tena tangu Julai 2020, inauzaje nafasi ya kutalii saa ya swala ya Ijumaa? Tulipofika getini askari akatuzuia. Akasema "saat iki buçuk", saa nane na nusu. Hata mimi nisiyejua Kituruki niliishika ile "saat", maana ni saa yetu hiihii. Msikiti wa Sultan Ahmed, ule wa minara sita ulio mkabala, nao ulikuwa umefungwa kwa watalii kwa sababu ileile. Watu waliokwenda kuswali walikuwa wakimiminika, uwanja umejaa, na kwao sina neno hata moja, ile ni nyumba ya ibada na ile ndiyo saa yake. Neno langu ni kwa aliyechukua pesa zetu akijua.

Mwongozaji hakushtuka hata kidogo. Akainua mwavuli wake wa njano, akasema tuna muda mzuri wa "kuona utamaduni", akatuongoza moja kwa moja hadi dukani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kufungwa kwa geti kulikuwa sehemu ya mpango wao tangu mwanzo.

Tulikaa mle saa moja na dakika kumi. Vijana wanakunjua zulia moja baada ya jingine, wanalirusha linazunguka hewani na kutua miguuni pako, na muuzaji anaeleza fundo maradufu la Kituruki. Kazi yenyewe ni nzuri, naikubali, kuna zulia jekundu pale ambalo ningelitazama siku nzima kwa hiari yangu. Lakini sikuwa pale kwa hiari yangu. Sinia la chai likapita. Mume na mke waliokuwa mbele yetu wakapewa bilauri zile zilizobanwa kiunoni, na vidonge viwili vya sukari kwenye kisahani. Waliokuwa nyuma yetu wakapewa. Sisi tukarukwa. Watu kumi na wanne ndani ya chumba, na wasiopewa chai ni sisi wawili tu, weusi wawili tu waliokuwamo. Mnaweza kuniambia ni bahati mbaya. Nilikuwapo, na mwenzangu alisikia kwa masikio yake.

Sikuwa nimeelewa bado. Yeye ndiye aliyesimama. Akamwita yule bwana "hocam", neno la heshima ambalo wanafunzi wa kule huwaita walimu wao, akamwambia kwa Kituruki kilichonyooka kwamba sisi tumelipa ili kuiona Ayasofya, chai tutajinunulia. Kijana wa dukani akainamisha kichwa. Mwongozaji akawa mwekundu hadi masikioni, kisha, na hapa ndipo damu iliponichemka nilipotafsiriwa baadaye, akamjibu: "Kituruki chako kizuri sana, umejifunza wapi?" Hakuomba radhi. Alimsifu lugha, kana kwamba kosa lilikuwa ni yeye kuelewa.

Saa nane na nusu tukarudi kwenye foleni, na foleni wakati huo ilikuwa imejikunja uwanjani mara tatu. Tulipopanda juu tukaambiwa tuna dakika ishirini, maana ziara inaisha saa tisa na nusu. Yerebatan, lile hodhi la chini ya ardhi lenye nguzo 336 na vichwa viwili vya mawe vya Medusa, yule mwanamke mwenye nywele za nyoka wa hadithi za Kigiriki, kimoja kimelazwa ubavu na kingine kimepinduliwa, ikafutwa. Ilikuwa kwenye tiketi. Nimeondoka Istanbul bila kuiona.

Hapa sasa ndipo ninapokwama, na nitasema kweli hata kama inaharibu hasira yangu. Zile dakika ishirini, mwongozaji yule yule alikuwa mwalimu ambaye sijapata kuona mfano wake. Alitusimamisha kwenye ukingo wa roshani akasema tutazame chini. Zulia la msikiti lina mistari, na mistari ile imekaa upande, hailingani na jengo. Akaeleza kwamba jengo lilikamilika mwaka 537 likiwa kanisa, likaelekezwa mashariki. Baada ya 1453 lilipokuwa msikiti, kibla ikawa upande wa Makka, kusini zaidi kidogo, kwa hiyo mihrabu haikukaa katikati, imesogea kulia. Nilikuwa nimetazama picha za pale miaka na miaka na sijawahi kuliona hilo. Akatuonyesha kuba, akatwambia sehemu yake ilianguka mwaka 558 baada ya tetemeko, ikajengwa upya juu zaidi. Akatuonyesha michoro iliyokwaruzwa kwenye marumaru ya ukingo, herufi za watu wa kaskazini ya mbali, Waviking, na humo linasomeka jina la Halvdan. Mtu alisimama hapohapo karne nyingi nyuma, akaandika jina lake. Kisha ile mozaiki ya Yesu katikati, Mariamu na Yohana Mbatizaji pembeni, nusu yake ya chini imetoweka lakini nyuso zimebaki, na dirisha lililo karibu linaiangaza.

Rafiki yangu alilia pale. Mimi pia. Na aliyetufikisha hapo ni mtu aliyetunyima chai.

Nilitaka kumsamehe, nakiri. Tulipokuwa tukishuka ile njia ya mawe isiyo na ngazi nilishakuwa nimeamua nitaandika maneno mazuri. Baadaye, kwenye feri ya kurudi Kadıköy, ndipo mwenzangu aliponitafsiria kila kitu, neno kwa neno. Pale dukani alikuwa ameniambia tu, "Twende, nitakueleza." Alinificha saa tatu nzima ili siku yangu isiharibike. Na aliponieleza alikuwa akitazama maji, shakwe wanaifuata feri, Ayasofya na kasri la Topkapı zinarudi nyuma yetu kwenye mwanga wa jioni, akasema, "Pesa nilikuwa nazo. Niliziweka tangu Septemba."

Kwa hiyo msamaha niliurudisha.

Nawaambia mnaokwenda kumtembelea ndugu au rafiki anayesoma kule: mwacheni yeye awaongoze. Siku mbili zilizofuata hatukumlipa mtu. Alinipeleka msikiti wa Süleymaniye, kazi ya msanifu majengo Mimar Sinan iliyokamilika 1557, hakuna tiketi, na kutoka ua wake wa nyuma unaiona Haliç, mkono wa bahari unaoingia mjini, yote imetandaa chini yako. Hatukuwa na wa kutuhimiza, tukakaa tuli ndani hadi shingo zikauma kwa kutazama juu. Alinipeleka kwenye kuta za Theodosius, kuta za ulinzi wa mji za karne ya tano, ambako kando ya kuta watu bado wanalima mboga, matuta ya saladi na vitunguu chini ya mawe yaliyohimili majeshi kwa miaka elfu. Mzee aliyekuwa akimwagilia alimsikia mwenzangu akisema Kituruki, akatuita. Çay, akasema. Safari hii ilikuwa chai kweli, na alipotuaga alikataa kupokea hata senti.

Kampuni niliiandikia. Wakajibu baada ya kama wiki mbili kwamba wateja wanashauriwa kuangalia saa za kufungwa kabla ya kununua, na kwamba kituo cha "kazi za mikono" kimetajwa kwenye masharti. Kuhusu maneno ya mwongozaji, hawakuandika lolote. Kuhusu Yerebatan, lolote.

Nyota za tathmini hii nilikuwa nimeweka moja. Nikaibadilisha kuwa tatu kwa sababu ya roshani ile, maana kuna mtu huko nje atakayeona mistari ya zulia kwa sababu ya bwana yule, na sitaki kumkosesha. Nimekaa usiku kucha na hilo, nimelirudisha kwenye moja. Anayejua kiasi kile kuhusu nyumba ambamo watu wa kila lugha wamepita alikuwa na sababu nyingi kuliko mtu yeyote za kutotusema vile.

Kampuni, kama mnasoma: sehemu ya Yerebatan tunaidai. Irudisheni kwenye akaunti iliyolipa, siyo kwangu. Yule mwanafunzi ndiye aliyelipa.