Dira ya Kuzamia: Uliza Kwanza Imesawazishwa kwa Kizio Kipi

Malalamiko ya wazamiaji wa Tanga yanayonifikia yanafanana: dira mpya, ya gharama, ndugu kaileta kutoka Ujerumani, lakini ikishuka majini sahani yake, ile inayozunguka na sindano, inakwama. Wewe unageuka, nayo inageuka pamoja nawe badala ya kubaki imeelekea kaskazini. Watu hudhani ni mbovu. Si mbovu, imetengenezewa Ulaya, na ukiijaribu kulekule inakwenda vizuri tu.

Huko kaskazini, sumaku ya dunia huivuta chini ncha ya kaskazini ya sindano, kwa hiyo mafundi huongeza uzito kidogo upande wa kusini ili ikae sawa. Tanga tuko nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, yaani kizio cha kusini, nusu ya kusini ya dunia, na huku inayovutwa chini ni ncha ya kusini. Dira ya Ulaya ikifika kwetu inalemewa mara mbili upande uleule, kwa sumaku na kwa ule uzito. Sahani inainama, inagusa kasha, inakwaruza. Sasa fikiria uko kwenye kisiwa cha Maziwe, tope la Mto Pangani limetibua maji, huoni mwamba wala kamba ya nanga, na dira yenyewe inakudanganya.

Kwa hiyo namba moja, na upendeleo wangu siufichi, ni Suunto SK-7 ya kizio cha kusini. Ina dirisha la pembeni, unaisoma ukiwa umeinyoosha usawa wa macho bila kuinamisha kichwa.

Ya pili ni dira ya kidijitali ndani ya kompyuta ya kuzamia, kama Shearwater Perdix. Mwinamo inaurekebisha yenyewe, Ikweta haiisumbui. Ila ukibadilisha betri uisawazishe upya, na bei yake si ya mchezo.

Za plastiki zisizo na jina siziweki kwenye orodha.

Kuifunga: mkononi, kwa mpira unaonyumbuka badala ya mkanda wa plastiki. Vazi la kuzamia hubanwa na maji kadiri unavyoshuka, mkanda unalegea, dira inazunguka mkononi. Mpira unafuata. Tochi ishike mkono mwingine, hasa yenye swichi ya sumaku. Isogeze karibu na dira ukiwa nchi kavu uone sahani inavyoyumba. Dira inayoning'inia kwenye bomba la geji, kile kipimo cha hewa, hutaipenda ukiwa na haraka, maana lazima uiinue na kuilaza sawasawa kila unapoisoma.

Wauzaji ndio wanaoniudhi. Unauliza ni ya kizio kipi, unajibiwa, "Dada, dira ni dira." Maduka ya mtandaoni nayo mengine hayaandiki kabisa, mzigo ukifika si wenyewe, na gharama ya kuurudisha nje ni juu yako. Mtu anatoza bei kamili kwa kifaa ambacho hajui kinafanya kazi upande gani wa dunia! Mwambie akutumie picha ya maandishi ya boksi kabla hujalipa. Akisitasita, usitume pesa.